Jibu Lilifika Sekunde ya Pili

Dada yangu Ilisapeci alikufa Jumapili asubuhi kwa sindano moja.

Jibu la kumwokoa lilikuwa ndani ya simu. Limeshafika. Limekaa kimya.

Jamani, msikimbilie kunipa pole. Sikilizeni kwanza.

Mjukuu wangu Vasiti anatengeneza programu za simu huko Suva, mji wetu mkuu. Mwaka ule alipewa kazi ya zahanati za visiwani. Muuguzi anaandika jina la mgonjwa, programu inauliza habari zake sehemu tatu: hospitali, duka la dawa na maabara.

Ile ya zamani ilikuwa inauliza sehemu moja, inangoja, inajibiwa, ndipo inageukia ya pili. Kwa mtandao wetu wa visiwani, chai inapoa.

"Sasa nawatuma wajumbe wote watatu kwa mpigo, bibi," aliniambia jikoni kwangu, kompyuta imekaa katikati ya maganda ya mihogo. "Zinaitwa korutini. Kazi ndogondogo. Moja ikiwa inangoja jibu, inaipisha nyingine. Hakuna anayeziba njia."

"Na hilo nalo unajisifu? Mimi nikitaka kufukia chakula kwenye mawe ya moto, huyu namtuma kuni, yule majani ya migomba, yule nazi. Nani anatuma mmojammoja?"

Akacheka. "Haya mjuaji, nijibu hili. Wawili wamerudi, wa tatu bado. Nionyeshe walicholeta, au ningoje?"

"Umelelewa wapi wewe? Kwangu kuna anayegusa sahani kabla wote hawajakaa na sala haijasemwa?"

"Hakuna."

"Basi umejibiwa."

Akaandika. Nikamtazama akiandika, nikajiona mtu.

Miezi minane ikapita. Nikavuka kwenda kijijini Waidrokai kumtembelea dada. Alikuwa amejikata mguu kwenye tumbawe akaudharau, mguu ukavimba hadi gotini. Jumapili ile homa ikampanda vibaya. Wenzetu wakaenda kanisani, sisi tukambeba hadi zahanati.

Muuguzi, Sista Mereoni, alikuwa peke yake. Binti mdogo tu, mpole.

"Mama, kuna dawa inayokudhuru?" akamuuliza dada.

"Hakuna," dada akasema. Lakini dakika ileile akaanza kumsemesha mama yetu, aliyekufa zamani. Mereoni akanigeukia.

"Bibi, wewe unajua?"

Sikujua. Miaka yote hiyo tuliishi visiwa tofauti.

Akafungua simu, akaandika jina. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Hiyo ni kazi ya mjukuu wangu," nikamwambia. Eti najivuna. "Ngoja tu. Haikosei."

Tukangoja. Kiduara kinazunguka. Dada anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

Dakika kumi na moja.

"Bibi, siwezi kungoja zaidi. Sumu inapanda."

Akamdunga penisilini.

Dada akashika koo. Mereoni akarukia sindano nyingine, ya kumrudisha. Haikumrudisha.

Yule binti alilia kuliko mimi.

Jumanne Vasiti akafika kwa ajili ya mazishi. Akaomba simu ya zahanati, akaiunganisha na kompyuta yake, akakaa nayo nyuma ya nyumba. Nilipomfuata nikamkuta amekauka.

"Bibi, duka la dawa lilijibu sekunde ya pili."

"Lilisema nini?"

"Penisilini asipewe. Aliwahi kupewa mjini, akavimba koo. Wakaandika."

"Mbona hatukuona?"

"Lilikuwa linamngoja wa maabara. Pale maabara walizima mashine, wakaenda kanisani. Na mimi wa tatu sikumwekea kikomo cha kungojwa. Nilisema asionyeshwe mtu kitu mpaka wote wamerudi."

Hakusema ni nani aliyemfundisha. Hakuhitaji.

"Nimempigia bosi," akasema. "Anataka ninyamaze mpaka uchunguzi uishe."

Nikamwangalia. Kazi yake ndiyo inayolisha nyumba yetu. Nikasema, "Basi ngoja, mwanangu."

Alhamisi wakaja.

Mereoni, mama yake na mjomba wake. Wakaketi chini karibu na mlango. Mjomba ameshika jino la nyangumi kwa mikono miwili.

"Tumekuja kwa aibu," akasema. "Mkono wa binti yetu umemtoa uhai mama yenu. Tunaomba msamaha."

Mereoni aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Kwetu jino likishapokelewa, maneno yameisha. Hakuna kisasi. Lakini kosa nalo limeshapata mwenyewe.

Watu wote walinitazama mimi, mkubwa wa nyumba. Vasiti alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

Nikanyoosha mikono.

Nikalipokea.

"Tumewasamehe," nikasema. Mimi! Wakalia, wakanishukuru.

Vasiti alishairekebisha ile programu. Sasa kila jibu linaonekana palepale linapofika, na anayechelewa hapewi zaidi ya sekunde kumi. Uchunguzi mpaka leo haujaisha.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikalibeba lile jino hadi kwa mama yake Mereoni.

"Binti yuko wapi?"

"Australia. Anachuma zabibu. Anasema hatashika sindano tena."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho, anakunja kitambaa, anakikunjua.

"Mlijua lini?"

"Jumanne."

"Sisi tulikuja Alhamisi."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namwita muuaji, bibi. Mwanangu mwenyewe. Humu ndani."

Heri angenizaba kofi. Nikamsogezea jino. Akalirudisha upande wangu kwa ncha za vidole.

"Ondoka nalo."

Ninyi mnaosoma, watumeni wote kwa pamoja, ni sawa. Lakini anayefika na neno la kumwokoa mtu, mwacheni aseme akiwa bado mlangoni. Na kama neno hilo unalo wewe, usinifuate mimi. Nilikuwa nalo siku mbili nzima kabla jino halijaja, na hata lilipokuja nikazidi kuketi nalo, nikaita huko kungoja.