Paa la Mama Lililompa Mume Wangu Tuzo

Mume wangu alikuwa mwalimu wa ujenzi katika chuo cha ufundi mjini Nyeri, na tangu nimjue alitamani kitu kimoja tu: tuzo ya wahandisi kwa mtu atakayebuni vifaa vya ujenzi vya hapa kwetu, visivyoagizwa ng'ambo. Miaka ile baada ya uhuru kila mtu alikuwa na namna yake ya kujenga taifa. Yake ilikuwa vigae vya saruji iliyochanganywa na nyuzi za mkonge. Alivikanyaga, alivigonga kwa nyundo, alivilowesha kwenye pipa uani, na mbele ya wageni alivisifu kuliko alivyowahi kunisifu mimi.

Ikabaki nyumba ya kuvijaribia. Yetu hakuitaka. Alichagua ya mama yangu, mjane, kule Naro Moru, ambako baridi ya mlima inaingia hadi kwenye mifupa. Mama alikuwa na mabati ya kikundi chao cha akina mama, waliochangishana na kuezekeana kwa zamu, na hayakuwahi kuvuja. Mume wangu akayang'oa, akayaleta kwetu kuezekea zizi la ng'ombe.

Vigae vya sebuleni alivipanga kwa mikono yake. Upande wa chumba cha kulala hakuupanda, maana kwetu mkwe haoni kitanda cha mama mkwe wake, hata kwa kuchungulia kutoka juu. Huko aliwaachia wanafunzi wake, nao wakavipanga ovyo, bila kukilaza kimoja vizuri juu ya kingine. Mvua ya kwanza ilishuka moja kwa moja kwenye godoro.

Nilimwambia mume wangu siku hiyo hiyo. Hakuinua hata macho.

"Mama mwenyewe hajaniambia," alisema. "Akiniambia, nitarekebisha."

Alijua vizuri sana kwamba mama hawezi kumwambia. Mama mkwe kutaja kitanda chake mbele ya mkwe ni sawa na kujivua nguo. Kila alipokwenda kukagua alikaa sebuleni, pakavu, akanywa chai na kuandika kwamba paa ni zima. Mama aliinamisha kichwa akamuuliza habari za ng'ombe.

Nilitaka kuleta fundi mwingine. Mume wangu akakataa, akisema kigae kimoja kikiguswa jaribio litakuwa limeharibika. Nikamsihi mama aje kwetu. Naye akakataa, kwamba hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Nilikasirika nao wote wawili, na mama zaidi, kwa sababu ndiye niliyempenda. Alisukuma kitanda kutoka kona hii hadi ile mpaka kona zikaisha, kisha kifua kikaanza kumbana.

Siku ya tuzo mama alivaa koti lake la kanisani. Ukumbi ulikuwa umejaa walimu, wahandisi kutoka Nairobi na wakulima waliofuata chakula. Kabla ya kumkabidhi mume wangu ngao yake, mkuu wa waamuzi akamwomba mama asimame, aseme mwenyewe kama nyumba inamfaa.

"Nyumba iko mzuri," mama alisema. "Maji hakuna." Akakohoa kwa muda mrefu, na watu wakangoja kwa heshima.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nilisema mbele yao wote kwamba godoro la mama yangu limeoza, na kama wanadhani ninasema uongo, mshindi wao akalalie usiku mmoja tu. Mume wangu akatazama viatu vyake. Neno lake moja lingetosha, na hakulisema.

Mama ndiye aliyesema. Aliona aibu, maana nilikuwa nimeweka kitanda chake na jina la mkwe wake mahali pamoja, mbele ya wanaume.

"Huyu msichana yangu iko na wivu tangu akiwa mdogo," aliwaambia. "Msimsikie."

Wakacheka, kwanza wachache, halafu ukumbi mzima. Mume wangu akapanda jukwaani akapokea ngao yake, na mama akapiga makofi mpaka kikohozi kikamkatiza.

Mama alikufa kwa kifua kabla mahindi hayajakomaa. Kaburini mume wangu alizungumza vizuri sana. Alisema kwamba katika miaka yote ya ukwe wao, mama huyu hakuwahi kumlalamikia hata kwa neno moja. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa, na mimi pia, kwa kuwa ilikuwa kweli.