Bakapu ya Baada ya Mavuno

Aibu hii nimeinyamazia kwa muda, na hata sasa natamani niiache njiani, lakini acheni niimalize, maana waliokuwepo ukumbini wanaisimulia kila siku hapa Ifakara na kila mmoja anamnenepesha yule panya.

Mimi nina blogu. (Najua, mtu aliyeishia kidato cha pili mwenye blogu, chekeni mmalize.) Naandika mambo ya bonde letu, na mengi nimeyaandika kwa simu nikiwa juu ya dungu msimu wa kuamia ndege, ile saa ukungu umelala juu ya mpunga na huoni shamba linaishia wapi, unasikia tu watu wakipigia ndege kelele, kama wanaita kutoka ng'ambo ya usingizi. Dungu la jirani lilikuwa la Mama Neema. Alinisimulia maisha yake kipande kipande, sauti inavuka ukungu inanifikia, mimi naandika, jioni mtandao ukija naweka kwenye blogu. Mpunga ulipoanza kuiva, akafariki. Harusi ya binti yake haikuahirishwa, mwenyewe aliagiza hivyo, na Neema aliomba kitu kimoja tu: siku ya sherehe ya kumuaga yeye bibi harusi, maneno ya mama yaonyeshwe ukutani kwa projekta, watu wayasome.

Sasa, bakapu, ile nakala ya akiba, nilikuwa nafanya mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Msinihukumu haraka. Shambani nina kisola cha kuchajia simu basi, na kichwani kwangu ilikaa sawa kabisa kwamba kitu kinaingia ghalani kikishavunwa chote. Na mwaka huu mpunga wangu ulikuwa bado umesimama.

Asubuhi ya sherehe nikaona blogu ni ya kijani na sare ya familia ni zambarau. Nikasema nibadilishe rangi tu. Kitufe kiliniuliza (sitaki kukisingizia) kama nimehifadhi nakala, nikabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyezaga, na blogu nzima ikawa nyeupe. Haraka haraka nikairudisha nakala pekee niliyokuwa nayo, ya mavuno yaliyopita, ikajilaza juu ya kila kipya, na mimi kwa kuona tu kichwa cha blogu kimerudi nikashukuru Mungu, nikaenda kuoga.

Ukumbini, upande wa bwana harusi wanaingia wakicheza, mshereheshaji akapaza sauti: "Wakwe zetu, karibuni! Na sasa, maneno ya mama mzazi kwenu!" Ukutani akatokea panya mkubwa kama mlango, na juu yake maandishi, ambayo mshereheshaji (namtetea, alisoma alichopewa) aliyasoma kwa madaha: "Mkaribishe mara moja, atakula mpaka mbegu!"

Baba mdogo wa bwana harusi akasimama mguu mmoja hewani. "Jamani, sisi tumefuata mke! Mpunga wenu hatujaugusa!"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mama mdogo wa Neema hakucheka. "Fidelis! Dada yangu ndiye kasema hivyo?"

"Hapana, mama mdogo. Hiyo ni ya mwaka jana. Ni ya panya kweli."

"Na ya kwake iko wapi?"

Nikawa nasogeza ukurasa, nasogeza, ukutani vinapita viwavi, mbolea, bei ya magunia, na ya kwake haipo. (Baadaye niliwapigia wanaotunza mitambo ya blogu, wakanijibu kwa upole kwamba haipo hata kwao.) Neema akainuka na gauni lake lote, akanisogelea.

"Kaka, unayakumbuka?"

"Nakumbuka nusu, na hiyo nusu siiamini sana."

"Basi sema hiyo."

Nikapewa kipaza sauti. Nikasema niliyoyakumbuka, na nilipokuwa na mashaka nikasema hapa nina mashaka, na mama mdogo akawa anasahihisha kutoka kwenye kiti, "Siyo Sanje, ilikuwa Uchindile!", na taratibu ikawa kama Mama Neema yumo humo ndani, hatumwoni tu. Lakini kule dunguni alikuwa amemalizia kwa sentensi moja juu ya binti yake, nzuri kuliko zote, niliiandika kwa kidole changu mwenyewe, na haikuja. Ningeweza kutunga, nani angejua? Nikamwambia Neema imepotea, na nimeipoteza mimi. Akaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo nimeapa: mtu akimaliza kunisimulia, nakala naweka kabla sijajinyoosha, na rangi ya blogu itabaki kijani mpaka nife.

Neema yuko Kidatu sasa. Akinipigia, salamu hazijaisha ananiuliza, "Imekujia?" Namwambia bado. Halafu hatukati simu, wote wawili tunasikiliza, huenda sauti ya mama yake ikavuka tena.