Tulivyoilowesha Baraza

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani. Skuli basi, uchochoroni basi. Miaka ile ya hamsini wapo wasichana wa Mji Mkongwe waliokuwa wakiendelea na masomo, lakini baba yangu alikuwa mtu wa kizamani kwa mambo ya binti yake, ingawa kwa mambo ya dunia alijiona wa kisasa. Wenzangu waliowekwa ndani walijifunza kushona kofia. Mimi kofia zilinishinda, nikajifunza kuwachungua watu dirishani, na kazi hiyo niliiweza mno.

Kutoka chumba cha juu niliuona uchochoro mzima. Nilijua nani kamnunia nani, na miaka ile kununiana kulikuwa kwingi. Siasa ilikuwa imeingia mjini. Watu waliopelekeana futari tangu utotoni wakawa hawaamkiani. Duka la huyu haliendewi, harusi ya yule haihudhuriwi, na hata maiti zilianza kuulizwa chama.

Baba alikuwa karani wa serikali, na karani wa serikali hakuruhusiwa kutia mguu katika siasa. Lakini kila siku baada ya alasiri wenzake watatu wanne walipanda ghorofani kwetu kunywa kahawa, na kahawa ile haikuwa kahawa tupu. Yalisemwa mambo. Yakifika kwa wakubwa, baba hana kazi, na sisi hatuna pa kula. Hilo tulilijua sote, ndiyo maana kila mgeni akishaingia, mlango ulifungwa kwa komeo.

Wakati huohuo, chini, mama alisomesha watoto Kurani. Chumba cha mbele, chenye dirisha linaloangukia barazani, ndicho kilichokuwa chuo chake. Alikuwa na usomaji wake mwenyewe: mwisho wa aya aliuvuta, akauacha ukae kidogo, kisha akaushusha polepole, na watoto walimfuata vivyo hivyo. Mimi niliusikia ule mvuto kila siku mpaka nikawa siusikii tena.

Basi siku hizo ndipo alipotokea yule mtu. Alikuwa hamali wa bandarini, mtu mzima mwenye kikoi na fulana, mabega mapana, nguo zimekolea harufu ya karafuu kwa magunia aliyoyabeba. Alikuja alasiri, akakaa kwenye baraza yetu chini ya dirisha la chuo, na magharibi ikikaribia akaondoka. Kesho yake akaja tena. Hakunywa kahawa, hakucheza bao, hakuzungumza na mtu. Baraza kwetu ni ya kila mtu, apitaye akichoka hukaa, na mwenye nyumba haulizi. Lakini kutoka bandarini mpaka kwetu mna baraza chungu nzima, kwa nini hii?

Nilimchungua wiki kadhaa. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na kwa gumba aligusa pingili za vidole vyake moja moja, kama mtu anayehesabu. Nikajiambia labda anavuta uradi. Lakini mvuta uradi huinamisha macho, na huyu kila mgeni wa baba alipopita mlangoni alimtazama, na gumba likahama pingili. Hapo nikaona nimemkamata.

"Baba," nikasema tulipokuwa tunakula, "yule hamali anawahesabu wageni wako."

Baba akabaki na tonge mkononi. "Una hakika?"

"Nnamuona kila siku. Akiingia mtu, yeye anahesabu."

"Mtu kukaa barazani si kosa," mama alisema. "Muulizeni basi anataka nini."

"Mpelelezi haulizwi," baba akasema. "Ukimuuliza, ushamwambia kama una la kuficha."

Wiki ileile alikufa jirani yetu wa mbele. Hamali alikuja mazikoni, akalichukua jeneza begani mpaka makaburini. Kidogo nikayumba. Lakini jioni, watu walipokusanyika kwa marehemu kusoma khitma, sanduku la juzuu likafunguliwa ili kila mmoja apewe yake asome, nilimuona akiokota makubazi yake na kuondoka kwa haraka, karibu akimbie. Mtu kabeba maiti, halafu anakataa kumsomea.

"Basi chama chake nshakijua," baba alisema nilipomweleza. Tukawa hatuna tena la kujadili.

Kumfukuza mtu barazani ni fedheha, na fedheha yenyewe humrudia mwenye nyumba. Lakini mji wetu una ustaarabu wake wa kufanya ubaya. Mtu haambiwi ondoka; baraza inaoshwa. Basi kila siku adhana ya alasiri ilipolia nilivaa buibui, nikafungua mlango nusu, nikamwaga ndoo mbili za maji juu ya baraza na kuisugua kwa ufagio, taka iwepo isiwepo. Baba akaamuru na dirisha la chuo lifungwe. Mama alinung'unika kwamba watoto watakosa hewa, lakini akalifunga.

Siku ya kwanza hamali alikuja, akaitazama baraza iliyolowa, akaenda kusimama ukuta wa pili, shingo kaielekeza dirishani. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alinikuta bado ninasugua. Akanitazama, akasema taratibu, "Ahsante mwanangu, pamesafika." Nilidhani ananikejeli, nikamfungia mlango usoni. Hakuja tena. Siku hiyo nilikula wali wangu kwa raha kama askari aliyekamata mwizi.

Haukupita mwezi baba akaitwa na mkubwa wake, akaonywa vikali. Alisomewa maneno yaliyosemwa ghorofani kwetu, hata na mizaha yake. Barazani mtu husikia sauti za watoto tu, na hamali mwenyewe hakuwepo tena. Mpelekaji alikuwa mmoja wa wanywa kahawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kazi haikumpotea, lakini alirudi nyumbani kanywea, na tangu siku hiyo hakualika mtu.

Na dirisha? Likabaki limefungwa. Hakuna aliyesema kwamba tumekosea. Mimi nilishikilia langu: labda hamali na huyo mnywa kahawa ni kitu kimoja. Mtu akishampaka mwenzake tope, kumsafisha huona uzito. Nilikuwa na kiburi, na sikuwa na kingine cha kujivunia katika nyumba ile ila macho yangu.

Miezi miwili ilipita tangu kumwaga maji, mama akapata habari kwamba mama yake mdogo, aliyeolewa Uroa, anaumwa miguu. Tukapanda gari la shamba, mimi na yeye, kwenda kumtazama. Nilifurahi kutoka nje, hata kama ni kwa kuangalia miguu ya mtu.

Tulipoamka siku ya pili, bibi yule akatuambia kwamba jirani yake, kizee mjane, yumo katika kukata roho, na twende tukamuangalie. Njiani akatusimulia. Kizee yule ana mwana mmoja tu. Mumewe alipokufa, mtoto yuko chuoni hajafika popote, na mama mtu akamtoa ili akafue nazi za watu wapate kula. Mtoto hakurudi tena chuoni.

"Limemla miaka yote," bibi alisema. "Husema, 'Mie ndie nliemnyima mwanangu Kurani. Siku yangu ikifika nnataka anisomee Yasini yeye, kwa sauti yake, nijue Mungu kanisamehe.' Mwaka huu akazidiwa, na mwana akamuahidi kwamba atajifunza hukohuko mjini anakofanya uhamali. Tangu juzi yuko hapa."

Aliposema uhamali nilimkumbuka yule wa barazani, lakini mahamali mjini ni wengi. Nilijiambia hivyo mpaka tulipoinama kuingia kibandani. Mwanamume alikuwa amekaa kichwani pa kitanda, katuelekezea mgongo. Niliyajua mabega kabla hajageuka. Nikajificha nyuma ya mama na kuishusha buibui usoni.

Kizee alikuwa mdogo kitandani, macho kayafumba. "Nisomee, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa haba, lakini kila mtu aliisikia.

Akaanza. Hakuwa na msahafu mbele yake. Alisoma kwa moyo, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayepita juu ya mbao iliyolegea, na aya ya kwanza ilipofika mwisho akaivuta, akaiacha ikae kidogo, akaishusha polepole. Nilimhisi mama akishituka kando yangu. Ule ulikuwa usomaji wake. Hapana mtu mwingine Unguja nzima aliyesoma vile ila yeye na watoto wake wa chuo. Alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma.

Hamali aliendelea. Gumba lilikuwa likitembea juu ya pingili za vidole, aya kwa pingili. Kizee akaanza kutabasamu. Wanawake waliokuwemo walilia, lakini kwa furaha, maana wote walijua habari ile. Akafika kwenye aya ya jua na mwezi, kila kimoja na njia yake, akaivuta, akaishusha, na akanyamaza.

Tulingoja. Alirudi nyuma aya tatu, akaja nazo tena mpaka palepale, akanyamaza tena. Jasho lilimtoka. Mimi nilijua kwa nini, na mama alijua. Aya ile ndiyo waliyoisoma watoto siku ya mwisho kabla dirisha halijafungwa. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu.

Mama akaniachia mkono, akasogea kitandani, akaichukua sura ilipokuwa imeishia na kuiendeleza. Kizee akafumbua macho na kuyatembeza.

"Mwanangu kenda wapi?" akauliza.

"Nipo hapa, mama."

"Mbona husomi?"

Alishika miguu ya mama yake, mama yangu akasoma mpaka mwisho, na kizee aliendelea kugeuza kichwa akiitafuta ile sauti ya kwanza. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki.

Baada ya maziko, jioni, hamali alikuja nyumbani kwa bibi kumshukuru mama. Alikaa chini, mbali kidogo na mlango. Nikatoka, maana kujificha kulikuwa kumenichosha kuliko aibu yenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka yangu," mama alianza, na machozi yakamkatiza. "Kwa nini hukubisha hodi?"

"Ningebisha hodi nikasema nini, mwalimu? Mie nna watoto wakubwa kuliko wanafunzi wako. Hata khitmani nnakimbia, nisije nikapewa juzuu nikaishika na watu wananitazama. Pale dirishani nilikuwa naona raha. Nilikuwa nnahesabu kwa vidole tu, nisije nikaruka aya."

"Ni mie," nikasema. Maneno yalinitoka kabla sijayapanga. "Ni mie nliemwambia baba unawahesabu wageni wake. Maji pia mie."

Alinitazama. Nilitamani anitukane. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo asilolitegemea.

"Wageni?" akasema. "Mie sikujua kama mna wageni. Watu wakipita nawatazama nikidhani watanifukuza." Kisha akamgeukia mama. "Na lile dirisha lilipofungwa, nlisema mwalimu kajua niko pale, hataki Kurani yake isomwe na hamali. Nlikuwekea kinyongo moyoni, mwalimu. Unisamehe."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Sisi tuliomfukuza, na anayeomba radhi ni yeye. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimekosewa na nimekosea, lakini sijapata kuona haya kama nilizoona pale mlangoni, na sitaki kuzipunguza kwa kusema nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na macho mazima na ulimi wa kuuliza, na mama aliniambia niulize.

"Rudi," mama alimwambia. "Usikae nje. Ingia ndani ukae na sisi."

"Inshaallah." Alisema kwa adabu tu, kama mtu anayeitikia mwaliko ambao hatauendea. Kisha akanyoosha vidole vyake mbele yake, akavitazama. "Mwalimu, pale nilipokwama, zilikuwa zimebaki ngapi?"

Mama alirudisha kanga usoni. Nikajibu mimi.

"Arubaini na tatu."

"Na watoto walizimaliza kwa muda gani?"

Nilizihesabu siku kichwani, na kila nilipozihesabu zilitoka zilezile, na tangu tumwage maji ilikuwa imepita miezi miwili.

"Wiki tatu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akavikunja vidole.

"Kumbe nlikuwa karibu," akasema.