Tangazo la Tuyizere lililojaza uwanja wa kituo cha afya

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye mibuni ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa. Tuyizere Mbonimpa anachuma kahawa mbivu huku midomo ikimchezacheza. Haimbi. Anajaribu maneno ya tangazo.

"Nikiyatamka ndipo najua kama yanasemeka," anasema akicheka.

Siku za kazi ni kibarua kwenye mashamba ya watu. Ijumaa jioni hupanda bodaboda hadi Kayanga, wilayani Karagwe, anakosomea matangazo katika chuo kidogo. Nyumbani kwao ni Kinyarwanda, kwa majirani Kinyambo. Kiswahili alikikuta shuleni, na alihofu kingemwangusha.

Mwaka huu mwalimu wake, Melkiory, aliwataka wanafunzi watunge tangazo la redio. Wenzake walichagua sabuni na soda. Yeye alichagua uchangiaji damu, kwa sababu dada yake, Mahoro, baada ya kujifungua alinusurika hospitalini kwa damu ya mtu asiyemjua.

Aliandika maneno mazito mazito. Mwalimu akasoma, akamuuliza, "Hapa unaongea na nani?"



Alirudi nyumbani amenywea. Mama yake, Benadeta, alikuwa akimenya ndizi. Tuyizere akaketi kumsaidia, akamuuliza anakumbuka nini siku ile ya hospitali.

"Ule mfuko wa damu," mama alisema. "Niliutazama nikajiuliza, huyu ni nani? Mwanangu amepona, na mimi sijui nimshukuru nani."

Tuyizere akaweka kisu chini, akamwomba mama ayaseme tena amrekodi. Maneno yale yale, bila kuongezwa chumvi, ndiyo yaliyorushwa na redio ya eneo lao, kwa sauti ya mama mwenyewe, pamoja na siku na mahali pa kuchangia damu.

Siku ya kuchangia damu alitarajia kukuta watu wachache. Akakuta uwanja wa kituo cha afya umefurika, wengine wametembea kutoka kata ya Mabira.

"Niliwatazama wote wale," anasimulia, sauti ikishuka kama yuko kanisani. "Nikasema, Mungu wangu, ni maneno yale tu?"

Karibu naye alisimama mkulima mmoja, Byabato, amekunja mkono wa shati.

"Shikamoo, baba. Umesikia wapi habari hizi?"

"Marahaba. Redioni. Kuna mama anamtafuta mtu amshukuru. Mimi mwaka juzi nilitoa damu, nikasema labda ananitafuta mimi. Basi nimekuja kutoa tena."

Tuyizere alijificha nyuma ya jengo, akalia.

Tangu hapo muuzaji wa dawa anayodai inatibu kila kitu amemfuata mara mbili, akitaka tangazo kama lile. Amemkatalia.

Anamaliza masomo mwishoni mwa mwaka, na tayari ameulizia chumba Isingiro, huko huko Kyerwa, cha kufungua ofisi yake ya matangazo.

"Nataka mtu akinisikia aweke jembe chini, atoke," anasema. "Na akifika, akute nilichosema kipo."