Kanda Niliyomnyima Mama Mghoi

Nikisikia harufu ya spiriti, hata nikiwa hospitalini nangoja kudungwa sindano, ninarudi kwenye kibanda cha shangazi yangu Saumu pale Voi. Kila asubuhi alichovya pamba kwenye spiriti, akasugua kichwa cha redio, kile kinachosoma kanda, mpaka lile vumbi jekundu la mji wetu likatoka lote, na wakati huo hakutaka kusemeshwa. Redio ile ilikuwa na milango miwili ya kaseti. Mmoja ulicheza, wa pili ulirekodi, na kupitia hiyo milango miwili mtaa mzima ulipata muziki wake. Kanda halisi zilikuja na basi kutoka Mombasa, moja moja, na ikifika moja basi imefika kwa wote. Wachungaji wa ng'ombe kutoka Ndara walikuja kutafuta rumba. Mwalimu mmoja wa Wundanyi alileta kwaya ya kanisa lake, akaondoka na taarabu aliyoificha chini ya madaftari. Nani alifikiri kwamba hilo ni kosa? Jirani akiomba wimbo unampa, kama unavyompa chumvi. Hatukuwa na neno jingine la kuliita jambo hilo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na katika kanda zote zilizojaa kwenye rafu za shangazi, moja ilikuwa yangu. Mama yangu, Bi Rukia, alikuwa mwimbaji wa vugo, zile nyimbo za wanawake za harusini. Nje ya Voi hakuna aliyemjua. Siku moja katika harusi ya jirani shangazi alikwenda na redio yake, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akamrekodi mama pande zote mbili za kaseti. Unamsikia akikohoa kabla ya kuanza. Unamsikia pia akisema, "Mtoeni Mwanaidi hapo jikoni, ataungua," na huyo Mwanaidi ni mimi. Miezi michache baadaye homa ilimchukua. Baba akasema kanda ile isichezwe nyumbani, hawezi kuistahimili. Ndiyo maana ikakaa kibandani, na kila nikitoka shule nilikwenda kuisikiliza nikiwa bado na sare, sikio limegusa spika.

Kitu kimoja kiliniudhi. Kanda za wasanii zilikuwa na majalada ya picha, na ya mama ilikuwa tupu, kana kwamba yeye si mtu. Nikakata karatasi ngumu, nikabandika picha yake ndogo, nikaandika jina lake kwa kalamu za rangi, kisha "Toleo la Kwanza". Chini kabisa nikaandika maneno niliyoyatoa herufi kwa herufi kwenye jalada la kanda halisi: "Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kunakili." Maana yake sikuijua vizuri. Nilijua tu kwamba wasanii wakubwa wote wanayo. Nikavunja na vile vijino viwili vya juu ya kaseti, mtu asije akarekodi juu ya sauti yake. Shangazi alicheka. "Haya, mamako amekuwa staa," akasema, na akaiweka katikati ya rafu.

Sasa kulikuwa na Mama Mghoi, rafiki wa mama, aliyeshuka kutoka Mwanda kila siku ya soko kuuza mboga. Akaja na kaseti mpya, bado imo ndani ya nailoni yake. "Mwanaidi, nirekodie ya mamako," akasema. "Nikiwa shambani nami niwe namsikia." Nikaikumbatia kanda kifuani, nikamwonyesha maandishi yangu mwenyewe, nikamwambia imeandikwa ni marufuku. Akauliza, "Na hizi zingine zote, mbona mwarekodi?" Nikasema hii ni ya mamangu. Alikuja tena, na tena, na mara ya tatu shangazi alinivuta kando akanieleza kwamba sauti haipungui ukimpa mtu. Sikutaka kusikia. Wallahi nilikuwa na choyo. Watu husema mtoto aliyefiwa asilaumiwe, lakini mimi nilijua nilichokuwa nikifanya.

Likizo ya Agosti, saa sita mchana, wakaja maafisa wa hakimiliki na askari wawili kuvifunga vibanda vyote vya kurekodi. Kinachoniuma ni kwamba hawakuwa watu wabaya. Mkubwa wao, mzee mmoja mpole wa miwani, alimwambia shangazi atenge kanda za nyumbani, za harusi na mawaidha na kwaya, kwa kuwa hizo hazimhusu. Kisha akaiokota ya mama.

"Na hii?"

"Hiyo ya wifi yangu, baba. Ni marehemu. Aliimba harusini."

"Mama, ina jalada, ina toleo, imeandikwa marufuku kunakili. Utaniambiaje ni ya nyumbani?"

"Mtoto ndiye aliyeandika. Mwanaidi, mwambie."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, hakukuwa na namna ya kuicheza. Kilichobaki ni mdomo wangu. Nikaziona pingu kiunoni mwa askari, nikajikojolea, na neno halikunitoka. Mzee yule akangoja kidogo, nakumbuka kwamba alingoja, halafu akaitia kwenye gunia pamoja na nyingine. Siku ya tatu baba alikwenda na shangazi kuiomba, wakakuta majivu nyuma ya ofisi. Baba, ambaye hakuwahi kuisikiliza hata mara moja, alilia mbele za watu.

Leo binti yangu ana simu, na ndani yake mna karibu kila wimbo uliotiwa guniani siku ile. Nimezitafuta moja moja. Rumba ya wachungaji ipo, taarabu ya mwalimu ipo, hata zile zilizokuwa mbaya zipo. Watu walizinakili, wakapeana, wakazificha, na hakuna aliyeweza kuzimaliza. Binti akaandika jina la bibi yake, akangoja, kisha akanitazama kwa huruma.

Mwaka jana nilipanda Mwanda kumwona Mama Mghoi. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Akavuta mkebe wa biskuti kutoka chini ya kitanda, kanda zake zote zimo, na chini ya zote ile moja, nailoni haijafunguliwa. "Ya mamako," akasema. "Nilikuwa nangoja ukue. Hata niliposikia imechomwa, sikuweza kuirekodia kitu kingine." Akaichana nailoni kwa meno, akaitia kwenye redio yake. Tukakaa kitandani tukisikiliza mvumo mtupu mpaka upande wa kwanza ukaisha. Nikanyoosha mkono niizime. Mama Mghoi akanizuia, akaigeuza upande wa pili.