Simu Iliyomkataa Mama wa Majani Chai

Nilimwita mama wa watu mwizi mbele ya soko la Kapkatet. Ushahidi wangu ulikuwa mmoja tu: simu ilikataa kidole chake.

Naitwa Isaiah. Nauza simu, kava, chaja na earphone. Na nawaambia ukweli, hizi simu zinanichefua.

Wanaozitengeneza wanaigana mpaka aibu. Mmoja akiziba tundu la earphone, wote wanaziba. Mmoja akitoa chaja kwenye boksi, wote wanatoa. Mbele kioo, nyuma kioo, utelezi mtupu. Mteja anaifunika kwa kava la mpira, na baada ya mwezi kava lina nongo na harufu ya jasho. Uzuri alioulipia hauoni tena. Ovyo kabisa.

Basi, Alhamisi moja akaingia mama dukani kwangu, plastiki la kuchumia chai bado liko kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Mkononi, simu ya bei kali.

"Weri, kijana wangu, hii simu Jumapili ilikuwa inafunguka na kidole. Leo imekataa. Nataka kusoma message ya mtoto."

"Weka PIN basi."

"PIN ni msichana wangu Cheptoo anajua. Saa hii ako class huko Kabianga, hashiki simu."

Akajaribu gumba. Wapi! Akajaribu cha shahada. Wapi!

Kichwani mwangu kesi ikaisha hapo hapo.

"Mama, hii umeiba wapi?"

"Ati nini?"

"Simu inajua mwenyewe!" Nilipaza sauti makusudi, watu wasikie.

Wakajaa mlangoni. Mmoja akamkamata mkono. Mwingine akaitisha fimbo. Mama akawa anasugua vidole kwa sketi, na mimi nikamwonea kinyaa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aluoch, anayeuza samaki wa omena mlango wa pili, akasema, "Isaiah, watu wa chai alama za vidole huisha. Wachana na mama."

"Simu haidanganyi," nikamjibu. "Ona, hata mimi itanikataa, kwa sababu si yangu."

Nikaweka gumba langu.

Simu ikafunguka.

Kwenye skrini kulikuwa na picha ya mama huyo huyo katikati ya chai, amekumbatiwa na msichana. Msichana nikamjua. Nilimuuzia simu hiyo wiki mbili kabla. Nilisajili kidole changu nimwonyeshe inavyofanya kazi, nikasahau kukifuta.

"Kumbe mwizi ni wewe?" Aluoch akauliza. Watu wakaangua kicheko, na yule wa fimbo akanigeukia.

Mama hakucheka. Aliweka simu mezani.

"Toa kidole yako kwa simu yangu."

Hata hiyo ilihitaji PIN. Tukamtumia Cheptoo message, tukakaa saa nzima tukimngoja atoke darasani. Nikampa kava la bure. Hakuligusa. Cheptoo alipopiga akanitajia PIN, nikafuta kidole, mama akaenda zake.

Jamani, waliounda hizi simu walizijaribu kwa vidole laini kama vyangu. Kabla hujamhukumu mtu, mwulize yeye. Usiulize simu.

Msiseme sikujua. Mama yangu mzazi huchuma chai. Simu yake ni mimi humfungulia kila jioni.