Anayehama na Anayesafiri

Kutoka Unyanyembe hadi pwani tulitembea kiangazi kizima. Ugogo tulizuiwa kwa ajili ya hongo, ushuru wa njia, kila kijiji, nyikani tukanywa maji yenye ladha ya magadi, na mtu wa mbele alipopiga kelele kwamba ameiona minazi, wapagazi waliziweka pembe za ndovu chini wakacheza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza njia za kutoka huko tunakoingia.

Hata hivyo Bagamoyo ilinishika miaka. Nilioa binti wa kijiji cha Mkange, upande wa kaskazini, tukazaa mtoto wa kike, kisha nikamwacha mama yake. Eda ikaisha bila ya mmoja wetu kumtaka tena mwenzake. Mtoto akakaa na mama yake, na mimi nikabaki mjini. Kila msafara ulipofunga mizigo, usingizi ulinipaa.

Meno ya utoto yalipoanza kumng'oka binti yangu, niliamua kwenda Kilwa, na nisiende bila yeye. Kwenye chuo cha Kurani nilikuwa nimesoma mpaka nikagusa vitabu vya sheria, kwa hiyo nilijua jambo hili: mzazi akisafiri kwa haja zake, mtoto hubaki na yule aliye mkaazi. Lakini baba akihama kabisa, na njia ikiwa ya amani, ana haki ya kumchukua mwanawe. Wadachi walikuwa hawajaja. Hukumu ilikuwa ya Seyyid wa Unguja, na kadhi wake alikaa barazani jirani na nyumba ya liwali. Nikampelekea shauri langu.

Mtalaka wangu alikuja na mama yake, miguu yao imejaa vumbi la Mkange.

"Unahama au unasafiri?" kadhi aliniuliza.

"Nahama, Sheikh."

"Anahama!" mama mkwe akadakia. "Huyu mkeka wake haujapata kuchakaa mahali pamoja."

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza, Sheikh. Mkeka ndio unaosema."

Baraza ikacheka. Kadhi akataka shahidi anayenijua. Nilikuwa nimemleta kirangozi wetu, yule aliyekuwa akituongoza njiani, naye alikuja na manyoya yake ya mbuni kichwani kana kwamba anaingiza msafara mjini. Nilimwomba jambo moja tu, anitaje kwa wema. Akanitaja kwa wema wa watu wa msafara.

"Sheikh, huyu ni mwanamume! Tabora kajenga nyumba, kaiacha. Ujiji kalima, hakungoja mavuno. Hakuna mji wenye kamba ya kumfunga huyu!"

"Na Kilwa atakaa?"

"Kilwa?" Kirangozi alikaribia kuudhika. "Mvua moja tu, Sheikh. Ya pili itamkuta ziwa Nyasa!"

Watu walishika mbavu. Kadhi hakucheka. Alimtazama mtalaka wangu, akanitazama mimi, akahukumu kwamba mimi ni msafiri. Mtoto abaki na mama yake mpaka nitakaporudi kukaa. Chakula na nguo zake viko juu yangu, niwepo nisiwepo. Palepale, mbele ya mashahidi, niliitoa minazi yangu yote niliyokuwa nimeinunua pale mjini iwe ya matunzo yake, mjomba wake awe mwangalizi.

Nje nilimkaba kirangozi kwa maneno. Alishangaa kweli.

"Ulitaka nikutukane mbele ya kadhi? Niseme wewe ni mtu wa kukaa jikoni?"

Mtalaka wangu alinisubiri kivulini. "Baba mtoto," alisema, "siku utakapopata mahali pa kukaa, njoo. Sitamficha."

Sikuweza kukaa Bagamoyo baada ya hapo. Niliuza vyombo, nikashika njia ya kaskazini badala ya kusini, ili nipite Mkange. Nilimkuta binti yangu shambani, juu ya dungu, akifukuza ndege kwenye mtama. Nilipanda nikakaa naye. Alinifundisha kurusha kombeo, akanizomea nilipokosa. Nilimwambia kwamba naondoka, akauliza kama huko nako kuna mtama. Nikasema upo.

"Basi wafukuze ndege," alisema, akageuka, kwa kuwa kundi lilikuwa limetua upande wa pili.

Nilishuka nikaifuata njia ya Saadani kwenda Pangani. Kilwa sijafika hadi leo. Sauti ya binti yangu ikiwakemea ndege niliisikia mpaka kwenye bonde, na nilipopanda upande wa pili sikuisikia tena. Nikasimama kidogo, kisha miguu ikaendelea.